Nairobi: Ghorofa Zapanda, Bomba Nani Alipie?

Hesabu ya watu ya mwaka 1969 iliukuta mji wa Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya, ukiwa na wakazi 509,286. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta wakazi 4,397,073. Katika vitongoji kama Kilimani na Kileleshwa, kiwanja kilichokuwa na nyumba moja na bustani yake sasa kimebeba ghorofa la familia nyingi. Familia hizo zote zinataka maji, njia ya maji machafu, barabara na taa. Swali linaloukabili uongozi wa jiji hilo ni jepesi kulitamka, zito kulijibu: gharama hizo alipe nani?

Kwa miaka mingi Nairobi ilitoza kodi kwa kufuata thamani ya kiwanja kitupu, si ya jengo lililosimama juu yake. Utaratibu huo una busara yake. Anayejenga haadhibiwi kwa kujenga, na anayekiacha kiwanja kiwe pori huku akingojea bei ipande hapati nafuu yoyote. Lakini busara hiyo ilihitaji hesabu iliyo sahihi, nayo haikuwapo. Orodha ya thamani ya viwanja iliyotungwa mwaka 1980 iliendelea kutumika kwa muda wa miaka ipatayo 40. Kiwango cha kodi kilipandishwa hata kikafika asilimia 34 ya thamani ile ya zamani. Ila kupandisha kiwango juu ya hesabu iliyochakaa hakuifanyi hesabu kuwa ya haki. Mtaa uliotajirika uliendelea kupimwa kwa kipimo cha enzi ya umaskini wake.

Nafuu nyingine inayotolewa ni msamaha. Mara kadhaa uongozi wa jiji umewafutia riba wadaiwa wa kodi, ilimradi walipe deni lenyewe. Fedha huingia upesi, lakini raia aliyelipa kwa wakati hujiona amepumbazwa, na mdaiwa hujifunza kungojea msamaha mwingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliiona hatari hiyo. Ibara ya 210 inaagiza kwamba kila msamaha wa kodi uandikwe hadharani pamoja na sababu yake, na taarifa ipelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ibara hiyo hiyo inakataza sheria yoyote kumwondolea afisa wa dola wajibu wa kulipa kodi kwa sababu ya cheo chake.

Serikali nayo ina wajibu wake. Ofisi, kambi na vituo vya umma hutumia barabara na mifereji ile ile, na sheria imeweka mchango unaolipwa badala ya kodi kwa ardhi ya serikali. Hata hivyo, uongozi wa Nairobi umelalamika kwa miaka mingi kwamba mchango huo haufiki kama inavyostahili. Mkubwa asipolipa, ni vigumu kumshurutisha mdogo.

Jambo hili huenda likaonekana kuwa la makarani na mabwana mipango peke yao. Sivyo. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa wa Huruma, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Waliofukua kifusi usiku na mchana walikuwamo wanajeshi. Katika mafuriko ya mwaka 2024, vyombo vya ulinzi viliitwa tena kuokoa watu, na serikali ikaamuru waliojenga kandokando ya mito waondoke. Haitakuwa haki kudai kwamba kodi peke yake ingezuia misiba hiyo. Lakini halmashauri isiyo na fedha haina wakaguzi wa kutosha wala mifereji ya kutosha. Na mjenzi anayetozwa ada bila kuona bomba wala barabara huanza kutafuta njia ya kukikwepa kibali. Deni ambalo halikulipwa kwenye dirisha la halmashauri hulipwa baadaye kwa roho za watu na kwa jasho la askari.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Kenya ilipata sheria mpya ya taifa ya kodi ya ardhi na majengo, ili ichukue nafasi ya sheria zilizopitwa na wakati. Sheria ni mwanzo tu. Itapimwa kwa mambo matatu: thamani za viwanja zihuishwe kwa wakati, nafuu anayopewa mjenzi itangazwe, iwe na sababu na iwe na kikomo, na ada iliyotozwa kwa ajili ya mtaro ionekane ikiwa mtaro.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Miji yote ya Afrika ya Mashariki inapanuka, na ufa wa Nairobi unaweza kutokea katika mji wowote kati ya hiyo. Kuziba ufa huo ni kazi ya halmashauri, wajenzi na wapangaji kwa pamoja, kabla askari hajaitwa kubeba machela.