Mtunzi na Jamaa Zake: Uandishi wa Kiswahili Ndani ya Nyumba

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kumsoma mtunzi akiwa peke yake. Jina lake huandikwa juu ya jalada, tarehe zake za kuzaliwa na kufariki hufuata, kisha uchambuzi huanza. Watu walioishi naye nyumba moja, waliomuuguza, waliomtegemea kwa chakula na ada ya shule, hawamo. Mhadhara huu unakusudia kuwarudisha watu hao, si kwa ajili ya kupamba wasifu wa watunzi, bali kwa sababu katika fasihi hii jamaa wa mtunzi wamekuwa mara nyingi chanzo cha utungo wenyewe, na mara nyingine kizuizi chake. Zipo tungo mashuhuri ambazo haziwezi kuelezwa vema pasipo wao.

Lugha yenyewe inashawishi mtu kuanzia hapo. Shairi hutungwa, shanga nazo hutungwa, na asumini vilevile, mimba nayo hutunga. Barua huandikwa, na chakula huandikwa mezani. Hata hivyo, mwanaisimu anayejenga nadharia juu ya vitenzi viwili amejenga juu ya mchanga. Ushahidi ulio imara zaidi umo katika tungo.

Mfano wa kwanza ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepambana kwa miaka mingi na dola ya Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani 1275 wa Hijra, mjane huyo aliyekuwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, wasia wa beti zaidi ya mia moja. Mwenyewe alifariki yapata mwaka 1860. Mwanzoni mwa utendi mama anamwita binti asogee karibu pamoja na wino na karatasi, kwa kuwa analo neno moyoni la kumwambia. Hali ya utunzi imewekwa wazi kabisa: kuna kitanda cha mgonjwa, kuna mtoto, na kuna muda usiokuwa mrefu.

Mengi yamesemwa juu ya maudhui ya utendi huo, hasa utii wa mke kwa mume, na wahakiki wa miaka ya karibuni wamegawanyika: wapo wanaoona humo kufungwa kwa mwanamke, na wapo wanaoona werevu wa mwanamke anayemfundisha mwenzake namna ya kuishi na mwenye nguvu. Mjadala huo una haki yake. Lakini jambo moja hupitwa haraka. Kuelekea mwisho, Mwana Kupona hamwambii tena binti yake peke yake. Anawageukia wanawake wote na kuwataka wasome na kuuelewa wasia wake. Utungo uliozaliwa kwa ajili ya mtoto mmoja umefunguliwa mlango ukatoka nje. Mtunzi hakuiacha familia ili aufikie umma. Aliufikia umma kwa kupitia familia.

Hapa umbo la utendi lina sehemu yake, na ni ajabu kwamba jambo hili halisisitizwi zaidi madarasani. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani minane minane. Vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hushika kina cha bahari kinachorudi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila ubeti unajitosheleza kiasi cha kuweza kutungwa kichwani, ukashikwa kwa kumbukumbu, ukaandikwa baadaye au ukasomwa kwa mwandishi mwingine. Mtunzi akiitwa na mtoto, au akizidiwa na homa, bahari inamngoja palepale alipoiachia. Riwaya haina subira hiyo. Riwaya humtaka mwandishi awe na wahusika kumi kichwani kwa miezi kadhaa, na akikatizwa kwa wiki mbili hulazimika kurudi nyuma na kujisoma upya. Kwa hiyo swali la muda wa mwandishi nyumbani haliko nje ya uhakiki wa fasihi. Linahusu moja kwa moja utanzu gani unaandikwa na nani.

Shaaban Robert anatoa mfano wa pili, na ndio ulio tajiri zaidi. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali, kwanza katika idara ya forodha kwa miaka kumi na minane, kisha katika idara nyinginezo, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, Pangani, Mpwapwa, na hatimaye Tanga. Alistaafu akiwa na miaka michache tu ya kuishi. Maana yake ni kwamba Pambo la Lugha, Kusadikika, Adili na Nduguze na sehemu kubwa ya mashairi yake ni kazi ya mtu mwenye ajira, mwenye mkuu wa kazi na mwenye watoto. Picha ya bingwa aliyeketi chini ya mwembe akingoja ilhamu haifai kwake hata kidogo.

Wala hakuyatenga mambo hayo mawili. Alipofiwa na mkewe, Amina, aliandika shairi la maombolezo ambalo hadi leo husomwa shuleni. Mkewe alimwachia watoto, na katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini mtunzi anaeleza jinsi alivyoyabeba malezi yao. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Mkondo ni uleule wa Siyu: mzazi anahofia kwamba muda au mauti yatamzuia kuwafunza wanawe, anatunga, na utungo unakuwa mali ya watu wote. Tofauti moja yafaa kutajwa. Mwana Kupona alikuwa akiaga, ilhali Shaaban Robert alikuwa baba aliyebaki na kazi ambayo kwa desturi hufanywa na wawili. Kwake utenzi ulikuwa namna ya kulea. Wahakiki wanaolalamika kwamba Adili na Hati zimejaa mafundisho wanasema kweli, ila wamesahau kuuliza nani alikuwa akifundishwa.

Hata hivyo, si haki kuiacha picha hii iwe nzuri kupita kiasi. Karani wa Tanga alikuwa mwanamume, alioa tena, na nyumba ya mwanamume wa zama zile ilikuwa na mikono mingine ya kupika na kufua. Mwanamke mwandishi ndiye mikono hiyo. Tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama, iliyotolewa mwaka 1982, imelishika jambo hili bila kulizunguka. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Nguvu wanazo na nia wanayo, lakini kila mmoja anavutwa na masaibu ya nyumbani kwake, na nguzo haisimami. Tamthilia hiyo husomwa kama fumbo la ukombozi wa wanawake kwa jumla, na ndivyo ilivyo. Lakini ikisomwa na mwanamke mwenye muswada uliokwama sura ya tatu, hahitaji kufumbuliwa fumbo.

Mwaka huohuo ilichapishwa Harakati za Ukombozi, tamthilia iliyotungwa kwa pamoja na Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Historia ya fasihi huitaja kwa haraka kama tamthilia ya kisiasa. Yafaa itajwe pia kama njia ya kufanya kazi. Kazi ya watatu haimlemei mmoja kwa namna ileile, na mwenye dharura leo anajua kwamba wenzake wanaishikilia kazi. Sanaa za maonyesho zinaruhusu ushirika huo kwa urahisi kuliko riwaya, na huenda hilo ni sababu mojawapo iliyowafanya wanawake wasomi wa kizazi kile wa Dar es Salaam waache alama kubwa zaidi jukwaani.

Kutoka hapo suala la kutiana moyo linaingia lenyewe. Mapokeo ya Kiswahili hayakuliachia tabia njema ya mtu, yalilitengenezea maumbo. Katika takhmisi, mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaitangulizia mitatu yake inayofuata kina cha mwenzake, ubeti ukawa wa mishororo mitano na wa watu wawili. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, imeunganisha hivyo watunzi wa zama mbalimbali. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, washairi walijibizana: mmoja alitoa swali kwa shairi, mwingine wa mji wa mbali akalijibu kwa vina na mizani, na wa tatu akawasahihisha wote wawili. Majibizano hayo yalikuwa makali mara nyingine. Lakini mtu aliyejibiwa amesomwa, na anayesomwa huandika tena. Ikilinganishwa na hayo, dibaji ya siku hizi inayomsifu mwandishi kwa kurasa mbili bila kutaja ubeti hata mmoja si kutia moyo. Ni adabu tu.

Tuzo nazo zimeongezeka, na ni jambo la kushukuriwa: ile ya Mabati Cornell iliyoanza kutolewa mwaka 2015, ambayo sasa inajulikana kwa jina la Safal Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotolewa kwanza mwaka 2023. Tuzo hizi zimewatoa gizani waandishi ambao wachapishaji wasingewajua. Lakini tuzo humlipa aliyekwisha kumaliza. Haimpi mwalimu wa sekondari mwenye watoto wanne jioni mbili kwa juma za kumfikisha huko. Jioni hizo hutolewa na mume, mke, dada, mama mkwe au jirani, na kila zinapotolewa, zimetolewa na mtu ambaye jina lake halitakuwa kwenye jalada. Idara za Kiswahili zenyewe zina la kujiuliza. Mwanafunzi wa uzamili mwenye mtoto mchanga anayesubiri nusu mwaka msimamizi wake amrudishie sura moja, amenyang'anywa jioni zilizogharimiwa na nyumba nzima.

Barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, zinaonyesha jinsi mambo haya yote yanavyoweza kukaa mahali pamoja. Zinaanza mwaka 1931 na kufika mwaka 1958. Ulenge alikuwa mwalimu, na mwandishi pia. Hadithi zake zilichapishwa katika Nguzo ya Maji. Atakayezifungua barua hizo akitafuta nadharia ya ushairi atachoka upesi, kwani habari za afya, fedha, jamaa na kazi ya serikali hazikutengwa na habari za vitabu. Waliokuwa wakiandikiana walikuwa ndugu kabla ya kuwa waandishi, na hawakuona sababu ya kuuweka undugu kando ili wazungumze juu ya miswada. Mtafiti wa leo anayezichambua kwa kuchagua aya za fasihi na kuziruka zile za nyumbani anazipasua mahali ambapo mwenyewe hakuweka mshono.

Zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 2000, miongo minne baada ya mwandishi kufariki. Aliyezihifadhi ni Ulenge. Kwa miaka hiyo yote, barua za kaka aliyekuwa karani zilitunzwa nyumbani kwa mwalimu, pamoja na habari zake za fedha na ugonjwa, na kitabu kilipotoka jina lililopewa jalada lilikuwa la kaka.