Muziki Upi Upigwe Kwanza? Watano Wetu, kwa Mpangilio

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa mitwalite, Kasongo)



Komite ilituomba sisi animatere wa uwanjani tuseme kidogo juu ya muziki wa sikukuu yetu ya kupokeana. Wengine walicheka. Walisema: "Tuko na shida ya mashamba, tuko na shida ya minervale ya watoto, sasa nyinyi munatuletea mambo ya kucheza?" Tunawajibu kwa heshima. Sisi tunaozunguka vijijini na pikipiki tumeona kitu kimoja: ugomvi kati ya waliorudi na waliobaki mara nyingi hauanzii kwenye mpaka wa shamba. Unaanzia kwenye bafle.

Mnajua vile inapita. Kuna arusi, ao kuna matanga. Kijana aliyezaliwa kambini Nyarugusu, kule Kigoma, anaweka Bongo Fleva yake. Kijana aliyekulia huku anachomoa ile karte memwari, anaingiza yake ya Kinshasa. Mmoja anasema: "Mutanzania, rudia kwenu." Mwingine anamjibu: "Wewe ulibakia kula mihogo yetu." Basi, imekwisha. Maneno hayo yakishatoka, kesho yake yanafika shambani, na kesho kutwa yako kwa chifu. Ndiyo sababu tunasema swali la muziki upi upigwe kwanza si mchezo.

Basi tulikaa, tukabishana siku mbili nzima, tukapanga watano. Hatukupanga kwa kutazama nani ana magari mengi, wala nani anavaa muzuri. Tulijiuliza maswali matatu tu. Moja: aliyebaki na aliyerudi, wote wawili wanamjua? Mbili: mama mkwe na mkwe wanaweza kumsikiliza wamekaa pamoja bila haya? Tatu: bafle ikizimwa, kinabaki kitu cha kuzungumza?

Wa tano: Innoss'B. Vijana watapiga kelele, wanamtaka juu zaidi. Ni mtoto wa Goma, amezaliwa mwaka 1997, kwa hiyo alikua katika vita hivi hivi vilivyotutawanya. Mwaka 2019 wimbo wake "Yope" ulirudiwa pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, na hapo tukaona ajabu: wale vijana wa bafle mbili wakacheza wimbo mmoja. Aliyetoka Nyarugusu alisema ni wa Diamond, aliyebaki alisema ni wa Innoss'B, na wote walikuwa na haki. Mwaka ule ule Diamond aliimba "Inama" na Fally Ipupa. Kwa swali la kwanza wanashinda wote. Kwa swali la tatu, tunawaambia vijana ukweli, wanabaki nyuma kidogo. Ndiyo maana ni wa tano.

Wa nne: Papa Wemba. Huyu ni jirani yetu. Alizaliwa Lubefu, Sankuru, mwaka 1949, ng'ambo tu ya Maniema yetu. Watu wanakumbuka nguo zake na sape, lakini sisi tunamuweka hapa kwa sababu ya mama yake. Mama yake alikuwa mlizi, yaani mwanamke wa kuimba kwenye vilio, na Wemba mwenyewe alisema kwamba alijifunza kuimba kwake. Ile sauti ya juu inayokata moyo ilitoka matangani, kabla ya kufika Paris. Bamama wa Kabambare wanaojua nyimbo za kilio za Kibangubangu, tunawaomba musione haya mbele ya vijana. Hiyo ni shule. Wemba alianguka akiimba jukwaani Abidjan, tarehe 24 Aprili 2016, na hakuamka tena.

Wa tatu: Mbilia Bel. Hapa bamama walitushinda kwa hoja. Walisema: "Lista yote ya wanaume, na sisi ndio tunapika siku ya sikukuu?" Mbilia Bel aliingia Afrisa ya Tabu Ley mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda mfupi sauti yake ikafika Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura. "Nakei Nairobi" yake ni ya Lingala, lakini hata mama asiyejua Lingala anaelewa: mwanamke anasema ninakwenda. Mama mmoja wa kikundi cha sabuni alituambia kwamba kambini Lugufu wanawake wa makabila mbalimbali waliimba pamoja nyimbo za Mbilia wakiwa kwenye foleni ya maji, kila mmoja na maneno yake. Walipofika nyumbani, waliobaki nao walikuwa wanaziimba. Hakuna semina tuliyotoa iliyowaweka pamoja haraka namna hiyo.

Wa pili: Franco Luambo. Wazee walitaka awe wa kwanza, na tunaelewa. Orkestra yake, OK Jazz, ilianza mwaka 1956, naye akaimba mpaka alipokufa Oktoba 1989. Lakini tunataka kusema juu ya wimbo mmoja, "Mario", wa mwaka 1985. Unamsema kijana aliyesoma, ana diploma, lakini anakaa kwa mama aliyemzidi umri, anakula vyake, na juu yake anamsumbua. Sasa sikilizeni. Vijana wetu waliotoka Tanzania wako na neno "marioo", maana yake mwanaume anayelishwa na mwanamke. Wanalitumia kila siku, na wengi hawajui kwamba neno lile lilitoka Kongo, kwa Franco, likavuka Ziwa Tanganyika, likakaa kwa Watanzania, leo limerudi Kasongo likisema Kiswahili cha Dar. Neno nalo ni retourné, kama nyinyi! Na tusicheke tu. Huku kwetu kuna mama anayebeba mihogo mpaka sokoni, na papa anamngoja jioni kuhesabu franka. Kuna kijana anayetoka kuchimba dhahabu upande wa Salamabila, akimaliza pesa anarudi kwa mwanamke. "Mario" haujazeeka.

Wa kwanza: Remmy Ongala. Tulipotaja jina hili, waliotoka Tanzania walipiga makofi, na wengi waliobaki waliuliza: "Huyo ni Mutanzania gani?" Bandugu, huyo ni mtoto wa Maniema. Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, halafu akawa mkubwa wa Super Matimila. Watanzania walimpenda mpaka wakamwita Dokta, na sehemu ya mtaa wa Sinza inaitwa Kwa Remmy hadi leo. Alikufa Dar, tarehe 13 Desemba 2010.

Kwa nini yeye mbele ya Franco? Kwa sababu aliimba Kiswahili, na aliimba mambo ya mtu mdogo. Tazameni majina tu ya nyimbo zake: "Mnyonge Hana Haki", "Sauti ya Mnyonge", "Kifo". Wakati wa ukimwi aliimba "Mambo kwa Soksi", juu ya kapoti, wakati wakubwa wengi walikuwa wanaona haya kulitaja jambo lile. Sisi tunaofanya kazi ya afya tunajua bei ya kuvunja haya ile. Na ana wimbo mwingine unaoitwa "Muziki Asili Yake Wapi". Swali hilo njo swali letu la leo. Rumba ilitoka Afrika ndani ya meli za watumwa, ikaenda Cuba, ikarudi Kongo kwenye sahani za santuri, na mwaka 2021 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu kwa jina la Kongo zote mbili. Hakuna aliyeiambia: ulitoka sana, wewe si wa hapa tena. Sasa, kama muziki unaweza kuondoka miaka mia na kupokelewa, mtoto aliyezaliwa Nyarugusu tutamkatalia nini?

Kuna tuliowaacha, tuseme wazi. Koffi Olomide alikuwa na sauti nyingi, hasa na "Waah!" ya 2020 aliyoimba na Diamond. Bamama walikumbusha mwaka 2016, alipoonekana kwenye video akimpiga teke mnenguaji wake uwanja wa ndege wa Nairobi, na Kenya ikamrudisha. Tunafanya kampeni dhidi ya kupiga wanawake. Hatuwezi kumweka kwenye watano. Atakayempiga nyumbani kwake, ni nyumba yake.

Basi tunapendekeza mambo manne kwa sikukuu. Moja: bafle moja, na karte memwari moja, itakayojazwa na vijana wawili, mmoja wa waliorudi, mmoja wa waliobaki, siku tatu kabla. Mbili: mwendo uwe wa zamu, wimbo wa huku, wimbo wa kule, na kati yake ngoma za bamama, bila bafle. Tatu: wimbo wowote wa kusifu kundi la silaha, ao wa kutukana kabila, usiingie, hata kama una mdundo mtamu. Mnajua wako wapi waliolia kwa sababu ya nyimbo hizo. Nne: esansi ya jenereta ilipwe na pande zote mbili, hata franka kidogo, ili asipatikane mtu wa kusema "zima, ni yangu".

Mkiona mpangilio wetu ni mbaya, leteni wenu kwa sekretere kabla ya mkutano ujao. Sharti ni moja: uandikwe na watu wawili ambao hawakukimbilia mahali pamoja.