"Kwa Mwenzako Wananiachia kwa Kumi na Nane"

Msikilizaji, Desemba ikishaingia Kariakoo haipitiki. Mtaa wa Kongo watu wanapita bega kwa bega, Msimbazi magari yamesimama, na wanaojiandaa kwenda Moshi, Arusha au Bukoba kula sikukuu na wazazi wanataka kumaliza manunuzi kwa siku moja: kitenge cha mama, viatu vya watoto, shati la baba, na wengine tayari wanaulizia begi la shule la Januari. Ukipita fremu kwa fremu utasikia maneno yaleyale: "Mbona kwa mwenzako pale wananiachia kwa kumi na nane?"

Sina ugomvi na mtu anayelinganisha bei. Hela ni yako, umeihangaikia mwaka mzima, na kupita maduka mawili matatu kabla ya kufungua pochi ni busara. Wapo pia wauzaji wanaotaja bei kwa kukuangalia viatu na simu uliyoshika. Ninachokipinga ni kumbana muuzaji kwa bei ya jirani ambayo hukutajiwa na mtu yeyote, au ulitajiwa kweli, lakini kwa kitu kingine kabisa.

Tazama inavyokuwa. Mama ameshika gauni la mtoto, lile la kumeta lenye utepe kiunoni. Kijana ametaja elfu ishirini na tano. Mama anasema pale kona wanampa kwa kumi na nane. "Mama yangu, kwa bei hiyo sipati hata nauli ya kurudi nyumbani." Mama anageuka, anapiga hatua mbili. Kijana anamwita, anakimbilia ndani, anateta na mwenye duka, anarudi na jasho usoni: "Haya mama, chukua kwa hiyo kumi na nane." Na mama, gauni likiwa bado mkononi, anasema, "Ngoja nizunguke kidogo, nitarudi."

Wengi wa vijana mnaowakuta nje ya fremu, msikilizaji, si wenye mali. Yuko aliyechukua mzigo kwa mali kauli: amepewa nguo bila kulipa, wamekubaliana na tajiri kwamba kila gauni jioni alirudishie, tuseme, elfu kumi na saba. Kinachozidi hapo ndicho chake. Yuko winga, ambaye hana hata stuli ya kukalia. Kazi yake ni kukutafutia unachotaka kwenye maduka ya wenzake na kuweka cha juu kidogo. Unapomshusha kijana kutoka ishirini na tano hadi kumi na nane kwa bei uliyoitunga njiani, tajiri hapungukiwi kitu. Umekata chakula cha yule uliyesimama naye. Na mara nyingi gauni uliloliona kona na hili ulilolishika yametoka stoo moja.

Hata ukisema kweli, angalia unalinganisha nini na nini. Bei ya jumla ni ya anayechukua dazani. Ukiisikia mtu anatajiwa, usiidai kwa pisi moja. Kitenge kina daraja, na kinachochuja rangi maji ya kwanza hakiwezi kuwa bei moja na kile ambacho mama yako atakivaa miaka sita. Kwenye simu ndiyo kabisa. Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchini, wapo waliogundua kwamba bei nzuri waliyojisifia ilikuwa bei ya kitu kisichokuwa simu halali. Halafu kuna risiti. Ukimletea muuzaji anayetoa risiti bei ya anayekwepa kodi, unamwambia naye akwepe, na sheria inakutaka wewe mnunuzi uidai risiti hiyo.

Adabu yenyewe ya jambo hili si ngumu. Ukitaja bei ya duka jingine, iwe bei uliyotajiwa kweli, ya kitu kilekile. Usimtake mtu ashuke kama hujaamua kununua, maana akishuka amekupa neno lake, na wewe unadaiwa lako. Na kama amekushughulikia nusu saa, amekutolea saizi zote, amemvisha mtoto wako viatu jozi nne, si uungwana kupiga picha lebo ukaenda kununua kwa mwingine kwa tofauti ya shilingi elfu moja.

Wauzaji nao wana zamu yao. Waislamu wa pwani hii wanalijua sharti la biashara lililofundishwa na Mtume: asiuze mtu juu ya mauzo ya mwenzake. Watu wawili wakishapatana, wa tatu asije kumwambia mnunuzi, "Rudisha hicho, kwangu bei ni chini." Lakini wiki ya sikukuu tabia hiyo ndiyo unayoikuta kila kona, mteja ana hela mkononi na kijana wa fremu ya pili anamvuta mkono. Hapo mtaa mzima unafundishana kushushana, hadi mwaka unaisha watu wameuza sana na mfukoni hakuna kitu.

Wenzetu ng'ambo wameligeuza jambo hili kuwa ahadi rasmi ya duka: lete ushahidi kwamba mwingine anauza kwa bei ya chini, tutashuka tulingane naye. Maduka ya John Lewis huko Uingereza yalianza ahadi ya namna hiyo mwaka 1925, yakaiacha 2022, yakairudisha 2024. Huko mteja haaminiwi kwa mdomo. Bidhaa lazima iwe ileile, na muuzaji anathibitisha mwenyewe. Ila hata ahadi hiyo wachumi wameitilia shaka. Mmarekani Steven Salop alieleza mwaka 1986 kwamba duka likitangaza kuwa litalingana na yeyote atakayeshuka, mshindani anaona hakuna faida ya kushuka, kwa sababu hatapata mteja wa ziada. Hivyo ahadi inayoonekana kumlinda mnunuzi inaweza kuziacha bei zikae juu palepale.

Na kote, huko na Kariakoo, punguzo anapewa anayelidai. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Muuzaji anayejua kwamba kila mteja atakuja na "kwa mwenzako wananiachia" anajihami: kitu cha ishirini anakianzia thelathini na tano, apate pa kushukia. Mimi na wewe tuliozoea mji tunashuka naye hadi ishirini, tunaondoka tumefurahi. Nyuma yetu anakuja mzee aliyeshuka asubuhi na basi la Lindi kumnunulia mjukuu viatu, hajui kupatana, anaona haya kubishana na kijana wa umri wa mwanawe. Analipa thelathini na tano. Anashukuru, anaondoka.

Kwa hiyo ningependa wenye maduka mbandike bei, hasa kwenye vitu vya watoto, hasa Desemba hii. Iandike bei unayoweza kumuuzia mtu yeyote, iache hapo, na anayetaka kuzunguka azunguke akiwa anaijua. Utampoteza mteja mmoja mmoja anayefurahia mabishano. Lakini mzee wa Lindi ataweza kuisoma mwenyewe, na kama hela yake haitoshi atajua mapema, avuke aende mtaa wa pili kabla basi lake halijaondoka.