KUTOKA LONDON HADI PARIS KWA NJIA YA CHINI YA BAHARI

(Mazungumzo ya mama mmoja mwanakisomo mbele ya darasa lake)



Nimeombwa nieleze safari yangu ya Ulaya. Safari ilikuwa ya mwezi mzima, na nikisema yote tutalala hapa. Basi nitaeleza siku moja tu, ile ya kutoka London, mji mkuu wa Uingereza, kwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Ilikuwa mwezi wa Agosti 2023. Shule za kule zilikuwa zimefungwa. Mwanangu anafanya kazi London, na yeye na mumewe walipanga kuwapeleka watoto Paris kwa siku nne. Mimi nilikuwa mgeni wao. Wakasema Bibi naye aende.

Kutoka London mpaka Paris kwa reli ni kama kilomita 490. Ni karibu kama kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Lakini katikati kuna bahari. Mahali pembamba kabisa, upana wake ni kilomita 33 hivi. Haupishani sana na ule wa kutoka Unguja hadi bara. Zamani watu walivuka kwa meli, na hata leo meli zipo. Sisi tulipita chini.

Kabla ya habari za chini ya bahari, sikilizeni kwanza habari ya viza, maana hapo ndipo moyo ulinidunda.

Viza ya Uingereza haikuingizi Ufaransa. Ufaransa ni mojawapo ya nchi zaidi ya 25 za Ulaya zinazotumia viza moja, iitwayo viza ya Schengen. Uingereza haimo. Kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania anatakiwa awe na viza mbili. Mimi nilizishughulikia zote mbili Dar es Salaam kabla ya kuondoka. Kila moja walichukua alama za vidole vyangu. Ile ya Schengen walitaka pia bima ya matibabu isiyopungua Yuro 30,000, na karatasi ya kuonyesha nitalala wapi. Karatasi zote niliziweka katika mkoba wangu mdogo. Mwanangu alitaka anishikie. Nilikataa. Nilimwambia, mwanangu, hizi ni zangu, nami najua kusoma.

Stesheni tuliyopandia inaitwa St Pancras. Ni jengo la matofali mekundu, la tangu mwaka 1868. Sasa hapo pana jambo la ajabu kidogo. Mpaka wa Ufaransa uko humo humo ndani ya stesheni, katikati ya London! Nchi hizo mbili zimepatana. Askari wa Ufaransa wanakukagua London kabla hujapanda, na wewe ukifika Paris unashuka na kwenda zako. Wakati wa kurudi, askari wa Uingereza wanakukagua Paris.

Mwanangu, mumewe na watoto wana pasipoti za Uingereza. Wao walipita mlango wao upesi. Mimi nikaonyeshwa foleni nyingine. Nikabaki peke yangu. Niliwaona upande wa pili wa kioo, mjukuu wangu mdogo ananipungia mkono.

Mbele yangu alikuwepo kijana mmoja na mkewe, mama kambeba mtoto mchanga. Viza ya yule kijana ilikuwa na siku zake bado. Lakini ilikuwa ya kuingia mara moja tu, na mara hiyo alikwisha kuitumia. Jambo hilo limeandikwa kwenye viza yenyewe. Pana mahali pa tarehe ya kuanza na ya kwisha, mahali pa idadi ya siku, na mahali pa idadi ya kuingia. Ikiandikwa 1, basi ni mara moja. Ukishatoka, viza imekufa, hata kama tarehe haijafika. Kijana akajieleza sana. Askari akatikisa kichwa. Mkewe pasipoti yake ilikuwa nzuri, angeweza kupita. Alisimama pale na mtoto wake, hajui aende au abaki. Mwisho alimfuata mumewe, wakarudi walikotoka. Mpaka leo namkumbuka yule mama.

Zamu yangu ikafika. Treni ilikuwa ya saa nne na nusu asubuhi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kamili. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na yule askari naye si lugha yake. Akauliza, unakwenda kulala wapi? Nikatoa karatasi ya nyumba. Siku ngapi? Nikaonyesha vidole vinne. Tiketi ya kurudi? Nikatoa. Bima? Nikatoa. Akafungua na ukurasa wa viza ya Uingereza, kuangalia kama nitaweza kurudi. Nikaweka vidole kwenye kioo cha mashine. Akatazama, akanitazama mimi, akatazama tena. Ndugu zangu, dakika zile ni ndefu! Kisha akagonga muhuri. Treni ilikuwa bado dakika 25.

Treni yenyewe ina mabehewa 16, na urefu wake ni mita 400. Inabeba abiria karibu 900. Inavutwa kwa umeme wa waya za juu, na mahali pazuri inakwenda kilomita 300 kwa saa. Lakini humo ndani chai haimwagiki.

Kufika pwani, tukaingia gizani. Njia hiyo ya chini ina urefu wa kilomita 50, na kilomita 38 ziko chini ya bahari. Msidhani ni bomba lililolazwa ndani ya maji. Ni handaki lililochimbwa katika ardhi, kama mita 40 chini ya sakafu ya bahari. Huko kuna mwamba wa chokaa iliyochanganyika na udongo wa mfinyanzi. Ni laini kuchimba, tena haupitishi maji kwa urahisi. Wachimbaji waliufuata huo. Kazi ilianza mwaka 1988, Waingereza wakichimba kutoka kwao na Wafaransa kutoka kwao, kwa mashine kubwa sana. Tarehe 1 Desemba 1990 walikutana chini ya bahari, wakapeana mikono kwenye tundu. Njia ilifunguliwa Mei 1994. Wafanyakazi 10 walikufa katika kazi hiyo.

Mashimo ni matatu. Treni za kwenda zina lake, za kurudi zina lake, na katikati liko dogo la mafundi na la kuokolea watu. Kila baada ya mita 375 pana mlango wa kuingia humo. Masikio yangu yaliziba kidogo. Mjukuu akaniuliza, Bibi, samaki wako juu yetu? Nikamwambia ndiyo, na meli pia. Kama dakika 20 tukatokea juani, Ufaransa.

Mashamba ya kule ni makubwa, nyumba chache. Ngano ilikuwa imekwisha kuvunwa. Niliona shamba la majani mapana ya kijani, nikadhani ni mboga. Mkwe wangu akasema ni mizizi ya kukamulia sukari. Sukari yao haitoki kwenye miwa. Inatoka kwenye mzizi mnene mweupe, unang'olewa kwa mashine na kupelekwa kiwandani. Sikuona mtu hata mmoja mwenye jembe. Nikajiuliza vijana wa huko wanafanya kazi gani.

Tulifika Paris kwa muda wa saa mbili na dakika 20 hivi. Saa yangu ilisema saa sita na dakika 50. Ya stesheni ilisema saa saba na dakika 50, maana Paris iko mbele kwa saa moja.

Jioni mkwe wangu alinipeleka mtaa uitwao Château Rouge, stesheni ya pili kwa treni ya mjini. Nilishangaa! Mihogo, ndizi za kupika, samaki wakavu, vitenge. Mama mmoja muuzaji alikuwa ametoka Bukavu, Kongo. Kiswahili chake cha kwao, changu cha kwetu, tukaelewana mpaka bei ikapungua. Nilinunua kisamvu. Kilikuwa kimegandishwa kwa barafu, kigumu kama tofali. Nikakipika usiku ule ule katika nyumba tuliyopanga, na wajukuu wakaomba tena.

Ndugu Mwenyekiti, kama kuna maswali niko tayari.