Kengele Isiyolia na Mshahara wa Mlinzi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walinzi na mafundi wa tawi la Eldoret)

 

Tumeombwa tuseme juu ya vyombo vya ulinzi vilivyomo katika majumba ya biashara ya mji wetu: kamera, kengele za hatari, milango ya stima, taa za nje, na mitungi ya kuzimia moto. Huenda mtu akauliza, "Hayo yatuhusu nini? Si mali ya tajiri?" Ni mali ya tajiri kweli. Lakini vikiwa vibovu na duka likavunjwa, anayeitwa ofisini asubuhi kujieleza si fundi aliyevifunga, wala si mwenye jumba. Ni mlinzi. Na mwisho wa mwezi anayekatwa mshahara ni yeye yule.

Eldoret ilipewa cheo cha jiji tarehe 15 Agosti 2024. Wazee waliouita mji huu Sisibo, kwa ajili ya shamba nambari 64, wakirudi leo wapite Uganda Road hawataamini macho yao. Wanariadha wetu wameleta fedha za mbio zao nyumbani, wakajenga maduka, hoteli na maofisi. Ni jambo jema, nasi twajivunia. Kila jumba jipya lafunguliwa na kamera zinazong'aa, na siku ile kila kitu chafanya kazi. Shida yaanza mwaka wa pili au wa tatu. Fundi amekwisha kulipwa amekwenda zake, hapana mapatano ya kuvitazama vyombo tena, na vumbi laanza kazi yake. Tajiri atengeneza gari lake kila baada ya kilomita 5,000, lakini kengele aliyoinunua kwa bei kubwa haijafunguliwa kifuniko tangu siku ya kwanza.

Natuanze na betri, maana hapo ndipo ubovu hujificha. Ndani ya sanduku la kengele mna betri ndogo ya risasi na tindikali. Kazi yake ni kuishika kengele stima inapopotea. Betri hiyo kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 5, na ikikaa mahali penye joto hufa mapema zaidi. Ikifa haipigi kelele. Taa ya kijani yaendelea kuwaka kwa nguvu za stima ya ukutani, na kila apitaye adhani mambo ni sawa. Njia ya kujua ni moja tu: zimeni stima ya sanduku hilo mchana, mbele ya msimamizi na kwa ruhusa yake, mngoje, kisha mlijaribu. Likinyamaza, mmekwisha kujua.

Mnakumbuka usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambao ndio lango la nchi, jenereta ilikataa kuwaka na abiria wakakaa gizani. Mkubwa wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa mahali pale penye wahandisi na fedha, itakuwaje kwa jenereta iliyo nyuma ya duka la ghorofa nne hapa kwetu, ambayo dizeli yake hatujui iliwekwa lini? Na mwizi naye hungoja stima ipotee. Hilo halihitaji elimu.

Jambo la pili ni kengele inayolia ovyo. Twaijua sote. Panya akipita, au buibui akitanda mbele ya jicho la chombo, yalia saa nane za usiku. Yalia tena saa tisa. Usiku wa tatu msimamizi asema, "Izimeni hiyo, yatusumbua." Basi huzimwa, na maandishi ya amri ile hayapo. Mwezi mmoja baadaye wezi waingia, na swali laulizwa, "Nani aliyezima kengele?" Ndugu zetu, kengele inayolia ovyo ni kengele mgonjwa. Dawa yake ni fundi wa kusafisha macho yake na kuyageuza yasielekee pazia wala dirisha. Amri ya kuizima isipokelewe kwa mdomo. Mwombeni msimamizi aiandike katika daftari la matukio, atie saini na saa. Akikataa kutia saini, andikeni kwamba amekataa.

Juu ya kamera tutasema machache, maana watu wengi wazitukuza kupita kiasi. Katika jumba la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, zilikuwako kamera zaidi ya 100. Ziliona kila kitu, na watu 67 waliuawa. Kamera ni shahidi, haimkamati mtu. Na shahidi mwenyewe yapasa awe na akili timamu. Saa ya mashine ikikosea, picha yaonyesha mwizi aliingia saa nne asubuhi hali ilikuwa usiku wa manane, na wakili wake atafurahi sana. Kortini picha za mashine zahitaji pia cheti kilichotiwa saini na mtu mwenye dhamana ya mashine ile. Kwa hiyo saa itazamwe kila juma. Itazamwe pia kama mashine yahifadhi picha kweli, maana ziko zinazoonyesha picha nzuri kwenye kioo na ndani hazikuandika kitu tangu mwaka jana.

Na maneno ya siri yabadilishwe. Mwaka 2016 wahalifu waliziteka kamera na mashine za picha nyingi sana duniani, kwa sababu wenyewe walikuwa wameacha neno la siri lile lile lililotoka kiwandani, wakazitumia kuangusha mitandao mikubwa ya Marekani. Hapa kwetu hatari iko karibu zaidi: karani aliyeachishwa kazi mwezi wa tatu bado ana kadi yake na mlango bado wamfungukia. Mlinzi hana uwezo wa kuifuta kadi hiyo. Lakini aweza kuandika kwamba ameiona ikitumika.

Sasa twafika kwenye mlango wa nyuma, na hapa twaomba msikilize kwa makini, kwa sababu hapa si habari ya mali tena. Tarehe 28 Januari 2009 duka kubwa la Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi liliungua, na watu zaidi ya 20 wakafa. Walionusurika walisema milango ilifungwa ili watu wasiibe mali. Hatukuwako, wala hatutamhukumu mtu. Lakini amri ya namna hiyo twaijua. Mlango wa moto watiwa mnyororo na kufuli kwa hofu ya wezi, na ufunguo wakaa mfukoni mwa meneja aliyekwenda nyumbani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza: maadamu wamo watu ndani, mlango wa kutokea usifungwe kwa namna isiyoweza kufunguliwa upesi kutoka ndani. Kanuni za moto za mwaka ule ule zataka mazoezi ya kukimbia moto yafanywe angaa mara moja kila miezi 12. Ni wangapi hapa waliopata kufanya mazoezi hayo? Tunaona mikono mitatu.

Mafundi, hili ni lenu pia. Milango ya stima iko ya namna mbili. Iko ile ya sumaku, ambayo stima ikipotea hufunguka, na iko ile ambayo stima ikipotea hubaki imefungwa. Mlinzi haambiwi ni ya namna gani. Mwambieni siku ile ile mnapoifunga, na mwonyesheni pa kuifungulia kwa mkono.

Tumalizie kwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa tajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Tazameni neno hilo, makusudi. Mlinzi aliyezunguka zamu yake sawasawa, akaibiwa kwa sababu betri ilikufa, hakufanya makusudi. Wala makato yote pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Lakini sheria haijui yaliyotokea usiku. Yajua yaliyoandikwa. Mlinzi aliyeandika mara tatu kwamba taa ya nyuma haiwaki na kamera ya ngazi ni kipofu, twaweza kumtetea. Asiyeandika, twaenda mbele ya tajiri mikono mitupu.

Tena, mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi sheria yataka iwepo kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Pale mlipo wengi, iulizeni iko wapi. Pale mlipo wawili au watatu tu langoni, leteni habari tawini, nasi tutaandika barua.

Mambo tutakayoyadai kwa matajiri ni haya: mapatano ya maandishi na fundi wa kuvitazama vyombo kila miezi mitatu, jina na simu ya fundi huyo zibandikwe langoni, na ubovu uliokwisha kuandikwa usihesabiwe kuwa kosa la mlinzi. Katibu ameweka daftari mezani karibu na mlango, moja kwa kila jumba. Anzeni kuandika zamu ya leo. Yarudisheni mwisho wa mwezi, na majibu ya matajiri yatasomwa katika mkutano ujao wa tawi.