Mithali na Masikio ya Watoto

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya mithali. Padre W. E. Taylor wa Mombasa alikusanya nyingi katika kitabu kilichotoka mwaka 1891, akaeleza na maana zake. Lakini mtoto hasikii maana, husikia maneno.

Tulipokuwa tukifundisha shule ya kijiji, tuliwaambia watoto, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Kesho yake mmoja akaja akichechemea, ameshika mkongojo. Tukamwuliza, "Nani amekuumiza?" Akajibu, "Hakuna, Bwana Mwalimu. Lakini jana nalikataa kuchunga mbuzi, nikaona afadhali nitembee polepole." Na mwenzake, kwa kuwa guu ni mguu mkubwa, akataka kujua kama wenye miguu membamba wamesalimika.

Siku nyingine tulifundisha, "Haba na haba hujaza kibaba." Wazee wajua kibaba ni kipimo cha nafaka, na vibaba vinne ni pishi moja. Watoto wale walizoea kununua kwa ratili, na mmoja akadhani kibaba ni baba mdogo. Akasimama kwa adabu akasema kwamba mithali hiyo si kweli, kwani baba yake mdogo hajazwi na haba hata kidogo.

Mithali iliyotutia taabu zaidi ni ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kijana wetu mmoja alijiwa na mjomba wake. Alfajiri ya siku ya tatu akaegemeza jembe mlangoni pa mgeni, akaenda zake shuleni, amefurahi kwamba ametimiza somo. Mjomba alipofungua mlango hakuuliza neno. Alikunja mkeka, akafunga mzigo, akashika njia kabla ya uji. Baba yule alimfuata mbio, kuku mkononi, akimsihi arudi. Kwa bahati mjomba alikuwa mtu wa mzaha: akarudi, akataka majembe mawili, akalima na mpwawe hata jua likawa kichwani. Nasi twadhani yeye ndiye aliyeifahamu mithali, kwani apewaye jembe si mgeni tena, amekuwa mtu wa nyumbani.

Hayo yote tuliyacheka, na mnaweza kuyacheka nanyi. Liko moja tulilolicheka, nasi twajuta.

Tulisema darasani, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Mtoto mmoja akauliza, "Huo ulimwengu una fimbo?" Darasa zima likaangua kicheko, na sisi pia. Yeye hakucheka. Mamaye alikuwa amekufa, naye alilelewa na bibi yake. Jambo hilo tulilijua, lakini saa ile hatukulikumbuka.

Kesho yake hakuja. Jioni tukaenda kwao, tukamkuta bibi akipukuchua mahindi. Tukaamkia, akatupa kigoda. Akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu hakulala. Usiku kucha aniuliza ulimwengu utakuja saa ngapi."

Tukanyamaza. Akaendelea, "Mimi nimemwambia kwamba mama yake ni mimi. Hasadiki, kwa kuwa neno lile limetoka kwa mwalimu. Basi mwambie wewe."

Mtoto alikuwa nyuma ya mlango. Tukamwita, tukamwambia mbele ya bibi yake kwamba katika mithali ile mama ni kila amleaye mtoto, na kwamba tulikosa kucheka. Akatutazama kitambo, kisha akaketi karibu na bibi, akatwaa hindi, akaanza kupukuchua.