MTU WA MSHAHARA NA KONDOO WASIO WAKE

Hotuba kwa viongozi wa walei, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam



Nimeombwa niseme juu ya askari mamluki, na juu ya juhudi za mataifa za kuwazuia wasipore haki ya watu ya kujiamulia mambo yao. Wapo watakaouliza jambo hili lawahusu nini waamini wa katikati ya jiji, ambao mashaka yao ni kodi ya chumba, ada za shule na bei ya unga. Nawaomba watazame barabara inayopita ubavuni mwa viwanja hivi vya Mnazi Mmoja. Zamani iliitwa New Street, na katika nyumba moja ya mtaa huo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Leo unaitwa Mtaa wa Lumumba. Mtu huyo ambaye jina lake tunalitaja kila tunapomwelekeza mgeni aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na Katanga ndiko bara letu, likiwa ndiyo kwanza linapata uhuru, lilikoanza kumjua mamluki.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu anayemilikiwa, yaani mtumwa aliyefundwa vita. Vijana wetu wa mpira wamelichukua pia: mchezaji aliyeazimwa kwa siri kuchezea timu isiyo yake humwita mamluki. Hawakukosea sana. Tofauti ni kwamba mpira ukiisha, watu hurudi nyumbani.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kabla ya wiki mbili kupita, Moise Tshombe akatangaza kwamba Katanga, jimbo lenye shaba, limejitenga. Kampuni kubwa ya madini ya Union Minière ikawa inalipa kodi zake kwa Tshombe badala ya kuzipeleka kwa serikali ya Kongo, na kwa fedha hizo vikosi vya wageni vikaajiriwa kutoka Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Rhodesia na kwingineko. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitaka mamluki waondolewe, kwa azimio la tarehe 21 Februari 1961. Walipokaidi, azimio la tarehe 24 Novemba mwaka huohuo likaruhusu nguvu itumike kuwakamata. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakipigana katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Uhuru wetu na vita ile ni vya wiki moja.

Sasa naingia katika jambo gumu, ambalo sisi Wakatoliki hatuna ruhusa ya kulikwepa. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Waliua mapadre, watawa, walimu na wakulima, Waafrika na Wazungu. Mwenye heri Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa mwaka 1985. Serikali ya Kongo, ambayo sasa Waziri Mkuu wake alikuwa Tshombe yuleyule, ilimwajiri Mike Hoare na mamia ya mamluki. Baadhi ya misheni zilifunguliwa na watu hao. Wapo watawa waliotoka hai kwa sababu gari la mamluki lilifika asubuhi, si jioni. Nani kati yetu angewaambia watawa hao wasipande?

Mimi singewaambia hivyo. Lakini tusimulie habari yote. Watu walewale walivunja benki, waliua mateka, na katika vijiji walimopita hawakuuliza nani ni Simba na nani ni mkulima tu. Aliyeokolewa alishukuru, na ni haki yake. Aliyechomewa nyumba hakuwa na mahali pa kushtaki, kwa kuwa aliyemchomea hakuwa chini ya sheria ya nchi yoyote. Na sisi Watanzania tusijitoe katika hesabu hii: misaada ya silaha kwa waasi hao ilipitia katika nchi yetu. Watu wa Kongo walishambuliwa na wageni kutoka pande mbili, na hakuna upande uliowauliza wao wanataka nini.

Injili ya Yohane, sura ya kumi, inatupa kipimo. Bwana wetu anamlinganisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara, ambaye kondoo si mali yake, na ambaye hukimbia amwonapo mbwamwitu. Tuangalie vema: Bwana hasemi kwamba mtu wa mshahara ni mkatili kuliko wengine, wala kwamba mshahara ni dhambi. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na askari, hakuwaambia waache kazi. Aliwataka wasidhulumu na waridhike na posho yao. Kasoro ya mtu wa mshahara ni kwamba kondoo si wake. Hawajibiki kwao, anawajibika kwa mlipaji. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, unaweza kumheshimu askari anayelitumikia taifa lake kama mhudumu wa usalama na uhuru wa watu, bila heshima hiyo kumfikia mamluki.

Mwaka 1967 mamluki wa Kongo waliasi dhidi ya serikali iliyowalipa, wakiongozwa na Mbelgiji Jean Schramme, wakaushika mji wa Bukavu kwa miezi kadhaa. Wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliokutana Kinshasa Septemba ya mwaka huo, walidai watu hao waondoke. Mwezi Novemba walivuka mpaka wakaingia Rwanda, wakanyang'anywa silaha, na mwaka uliofuata wakapandishwa ndege kurudi kwao. Nawaomba mliweke tukio hilo akilini. Nitalirudia.

Ni kwa sababu hawakuadhibiwa ndipo walipokuja kwetu, katika bahari hii tunayoiona kutoka Magogoni. Bob Denard alipigana Katanga. Mwaka 1975 alikuwa Komoro, akisaidia kumwangusha Rais Ahmed Abdallah. Mei 1978 alirudi kwa meli na watu wapatao hamsini, akamwangusha Ali Soilih, aliyeuawa mwezi huohuo, akamrudisha Abdallah yuleyule. Kwa miaka zaidi ya kumi walinzi wa Rais walikuwa chini ya mamluki wakilipwa na Afrika Kusini ya makaburu, na Denard akajipa jina la Kiislamu na kuishi kama mwenyeji. Novemba 1989 Abdallah alipigwa risasi katika ikulu yake, Denard akiwamo chumbani. Mahakama ya Paris ilimwachia huru katika kesi hiyo mwaka 1999. Septemba 1995 alirudi tena na kumkamata Rais Djohar, mpaka jeshi la Ufaransa lilipomtoa. Kwa tukio hilo alihukumiwa Ufaransa mwaka 2006 kifungo cha nje. Majirani zetu Wangazija wa Kariakoo wanaweza kuwasimulieni maana ya kuwa na rais ambaye mlinzi wake ndiye bwana wake.

Mike Hoare naye alikuja Shelisheli. Tarehe 25 Novemba 1981 ndege ya abiria kutoka Swaziland ilitua Mahé ikiwa na wanaume zaidi ya arobaini waliojifanya wanachama wa klabu ya starehe na wasaidizi wa yatima. Juu katika mikoba yao kulikuwa na wanasesere, chini, bunduki. Mtumishi mmoja wa forodha alipekua mkoba mmoja kwa makini, na mpango wote ukaharibika. Mamluki wakapigana uwanjani, wakateka ndege ya Air India, wakaruka hadi Durban. Askari wa Tanzania walikuwako Shelisheli wakati huo kwa makubaliano na serikali yake. (Nikiwa mkweli, serikali hiyo nayo iliingia kwa mapinduzi ya mwaka 1977 yaliyofanywa na watu waliofunzwa katika nchi yetu. Haki ninayoitetea hapa ni ya watu, si ya mtawala.) Baraza la Usalama liliunda tume ya uchunguzi kwa azimio la tarehe 15 Desemba 1981. Huko Afrika Kusini wengi wa wavamizi waliachiwa kwanza, na kelele za dunia ndizo zilizowarudisha kizimbani. Hoare alipewa miaka kumi, akatoka mwaka 1985. Lakini alishtakiwa kwa kosa gani? Kwa kuteka ndege. Kuivamia nchi ya watu hakukuwa kosa katika kitabu chochote kilichokuwa mezani mwa hakimu yule.

Pengo hilo ndilo mataifa yamejitahidi kuliziba. Afrika ilitangulia: Mkataba wa Libreville wa Julai 1977 uliufanya umamluki kuwa kosa la jinai, nao ulianza kutumika mwaka 1985. Mwaka huohuo wa 1977 Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva ilimnyima mamluki haki ya kutendewa kama mateka wa vita. Umoja wa Mataifa uliunda kamati ya kuandika mkataba wa dunia mwaka 1980; mkataba ukapitishwa tarehe 4 Desemba 1989; ukangoja nchi 22 ziuridhie, ukaanza kutumika Oktoba 2001. Shelisheli ni miongoni mwa waliojiunga. Wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama, hakuna hata mmoja aliyejiunga. Tangu mwaka 2005 liko pia kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa linalochunguza habari za mamluki na kutoa ripoti.

Kwa nini basi bado wapo? Sababu moja ni tafsiri. Kwa Itifaki ya Geneva, ili mtu aitwe mamluki masharti sita lazima yatimie kwa pamoja: aajiriwe mahsusi kwa vita hivyo, apigane yeye mwenyewe, asukumwe na faida na kuahidiwa malipo yanayozidi sana ya askari wa cheo chake, asiwe raia wala mkazi wa nchi zinazopigana, asiwe katika majeshi yao, wala asiwe ametumwa na nchi nyingine kwa kazi rasmi. Mwanasheria mwerevu hahitaji kuyabomoa yote, anabomoa moja. Mwandikishe katika jeshi kwa karatasi, au mwite mkufunzi, au mlinzi wa kampuni, naye ametoka. Mkataba wa Libreville nao uliwafikiria wavamizi wa nje. Haukukataza waziwazi serikali kuwaajiri wageni dhidi ya waasi wake yenyewe. Mobutu alilitumia pengo hilo mwaka 1996 na 1997, alipowaleta Waserbia na Wafaransa Kisangani. Hawakumsaidia, mji ulianguka Machi 1997.

Na sasa lile nililoahidi kulirudia. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23. Waromania zaidi ya 280 waliokuwa wameajiriwa upande wa serikali ya Kongo waliweka silaha chini, wakavuka mpaka kuingia Rwanda, wakapandishwa ndege kurudi kwao. Njia ni ileile ya mwaka 1967. Mikataba yao iliyoonwa na waandishi wa habari ilitaja dola 5,000 kwa mwezi, wakati askari wa kawaida wa Kongo alikuwa akipata dola 100 hivi. Mtu wa mshahara alirudi kwao. Watu wa Goma walibaki na maiti zao barabarani. Askari wa Tanzania waliokuwako chini ya bendera ya SADC hawakuondoka kwa namna hiyo, na baadhi yao walirudi wakiwa katika majeneza. Mtu aweza kubisha kama ilifaa wapelekwe. Lakini Bunge letu laweza kuuliza habari zao, na mama zao wanajua mlango wa kugonga.

Lipo jambo la mwisho, nalo limo mitaani mwetu. Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi wa Vita vya Kwanza, watu wetu waliobebeshwa mizigo ya vita visivyo vyao. Wale walilazimishwa, leo kijana hushawishiwa. Mtanzania mmoja aliyekuwa amefungwa Urusi aliahidiwa msamaha akienda vitani na kundi la Wagner. Alikufa Ukraine Oktoba 2022, na mwili wake ulirudishwa nyumbani Januari 2023. Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema huenda raia wake zaidi ya 200 wameingizwa katika vita hiyohiyo. Wengi wa vijana wa namna hii waliahidiwa kazi ya ulinzi, ya udereva, ya kiwandani.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo jambo dogo. Kijana akija kuaga kwamba amepata kazi ya mbali, kabla ya kumwombea safari njema mwombeni mkataba wake. Umeandikwa kwa lugha anayoisoma? Mwajiri ni nani, na ofisi yake iko wapi? Nani amelipa nauli, na kwa sababu gani? Kama hana majibu, mleteni kwa Tume kabla hajakabidhi pasipoti yake. Na mnapokutana na wabunge wetu, waulizeni mkataba wa mwaka 1989 unasema nini na nchi yetu imeufanyia nini. Swali hilo halihitaji elimu ya sheria.

Katibu wa Tume atapokea majina ya jumuiya zitakazopenda kuuendeleza mjadala huu.